Mgeni na Mwenyeji Katika Delta ya Rufiji

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii hutajwa aghalabu kumfariji mtu aliyehamia mji mpya, ambaye bado hajui njia ya kisimani wala saa ya watu kulala. Lakini ndani yake mna swali la historia pia: ni nani aliyeifunga kamba ile, na ni nani awezaye kuifungua? Napenda kulitazama swali hilo kwa mfano wa mahali pamoja, yaani delta ya Mto Rufiji, penye vijiji kama Kiongoroni na Salale, ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Kibiti.

Nchi ile si nyepesi kwa mgeni. Mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kufika baharini, na maji ya chumvi hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mikoko, misinzi, mikandaa na michu husimama matopeni, na kila mlango wa maji hufanana na mwenzake. Mwenyeji hulima mpunga pale maji ya mto yanapoyashinda maji ya bahari. Hujenga dungu shambani apate kulinda mazao yake. Naye husafiri kwa mtumbwi akihesabu saa za kujaa na kupwa. Elimu hiyo mtoto huipata kwa kukaa chomboni pamoja na wazee wake. Asiyekuwa nayo hukwama, hata kama chombo chake ni cha chuma.

Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliingia deltani, ikiongozwa na Max Looff, yenye watu zaidi ya 300. Tarehe 20 ya mwezi ule ilikwenda Unguja ikaizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, kisha ikarudi mafichoni kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vipande vyake vilikokotwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarejeshwa kwa njia ile ile. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waliigundua, wakaulinda mlango wa bahari. Tangu hapo mabaharia wale wakawa wakazi wa delta pasipo kupenda.

Walikaa karibu miezi kumi. Waliifunika meli yao kwa matawi ili macho ya adui yaidhanie kuwa msitu, lakini kujivika majani si kuota mizizi. Malaria iliwadhoofisha, na joto la chuma likawatesa. Tarehe 11 Julai 1915 meli za Severn na Mersey ziliishambulia kwa mara ya pili, na Looff akaamuru ivunjwe isiingie mikononi mwa maadui. Mizinga yake 10 iliopolewa majini, ikakokotwa kwenda kupigana barani. Mmojawapo unaonekana hata leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Wageni hao waliishi kwa kutegemea mabega ya watu wa nchi, lakini uhusiano wao ulikuwa wa amri. Ndiyo maana vitabu vinavyosomwa sana juu ya Königsberg hutaja uzito wa mizinga na majina ya maofisa, visitaje jina hata moja la waliovuta kamba.

Sasa tutazame wageni wa namna nyingine. Kwa vizazi vingi majahazi ya Lamu, Omani na Kuwait yalifika deltani kutafuta boriti. Yale ya Uarabuni yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Kuwait haikuwa na msitu. Paa za nyumba zake zililazwa juu ya miti ya mikoko, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Kwa hiyo mtu aliyelala nyumbani kwake Kuwait alilala chini ya matope ya Rufiji yaliyokauka, ajapokuwa hakuijua Rufiji.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alifika deltani katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, la nahodha Ali bin Nasir Al-Najdi. Kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940, chaeleza mvua, mbu, homa na uchovu wa kupakia miti. Mabaharia wale hawakuwa na mshahara. Walipewa fungu la faida, na wengi walikuwa wamefungwa na deni tangu kwao. Kamba ya mguu wao ilitoka nyumbani.

Asidhani msomaji kwamba biashara huondoa dhuluma. Majahazi ya pwani hii yalichukua watumwa pia katika karne ya 19. Lakini mnunuzi wa boriti hana budi kungoja maji, kupatana bei, na kumwuliza mwenyeji mlango upi unapitika. Anayeuliza amekwisha anza kuifungua kamba yake. Tangu mwaka 1946 Kuwait iliuza mafuta nje, saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti, na maswali yale yakapungua.

Nilipokuwa nikisoma Ulaya niliandika barua nyingi nyumbani juu ya baridi na chakula kisicho na ladha. Juzi nilizisoma tena. Sikumtaja hata mara moja bibi mwenye nyumba aliyenifundisha basi la kupanda, na namna ya kumwamkia jirani nisionekane mjuvi. Nikaona kwamba kosa la vitabu vya manowari nami nimelifanya, bila ya mizinga.

Basi mwanafunzi atakayekwenda Kiongoroni asitosheke na kusoma mgeni alionaje delta. Awaulize wazee delta ilimwonaje mgeni. Walisikia nini kwa wazazi wao. Ni nani aliyeshika kasia. Na afanye haraka, maana wazee hawangoji kusi wala kaskazi.