Nyumba ya Makuti Ukutani Machakos: Jinsi ya Kuijua Picha ya Chapa Yenye Sahihi

Mwezi uliopita mama mdogo aliniita Machakos. Eda imekwisha, watoto wa marehemu wamekaa kugawana mirathi, na kila kitu kimepata mwenyewe isipokuwa picha moja ya sebuleni: nyumba ya makuti, mnazi ulioinama, ngalawa imepandishwa mchangani. Chini kushoto pameandikwa 12/50 kwa penseli, na kulia kuna sahihi. Mnunuzi mmoja ametoa shilingi elfu tatu. Kijana mkubwa anasema hiyo ni mali ya laki.

"Wewe ndiye mtu wa kuandika," akaniambia mama mdogo. "Tuambie hiki ni kitu gani."

Nianze na hiyo hesabu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. 12/50 ni nakala ya 12 kati ya 50 zilizopigwa kutoka kibao kimoja. Msanii huchonga ubao, linoleamu au bamba la shaba, akapaka wino, akalaza karatasi na kuikandamiza. Idadi aliyotangaza ikitimia, kibao hukwaruzwa kisizae nyingine. Namba ndogo si lazima iwe bora, ila kwa bamba la shaba lililochorwa kwa sindano kavu, ambalo huchakaa upesi, za mwanzo hutoka kali zaidi. Ukiona A/P badala ya namba, hiyo ni nakala aliyojiwekea msanii mwenyewe.

Kuna aina ya pili. Mchoro wa rangi hupigwa picha, ukachapishwa kiwandani kama kalenda, kisha ukatiwa namba na sahihi. Mmarekani Thomas Kinkade, aliyefariki 2012, alitajirika kwa vijumba vya namna hiyo, nakala kwa maelfu. Si haramu ikisemwa wazi. Kumuuzia mtu ya kiwandani kwa bei ya ile ya mkono ndiyo ghishi. Wala sahihi peke yake haitoshi: mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililobeba karatasi tupu 40,000, zote zina sahihi ya Salvador Dalí.

Basi nikaazima kioo cha fundi saa. Chapa ya kiwandani ukiitazama hivyo utaona nukta nukta za rangi zimejipanga. Ya mkono huonyesha wino mzima. Yetu haikuwa na nukta hata moja, na penseli ya sahihi ilikuwa imebonyeza karatasi.

Mtu asishangae Pwani kuonekana Ukambani. Yony Waite, mmoja wa wale watatu walioipa Gallery Watatu ya Nairobi jina lake mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na Robin Anderson na David Hart, aligawa kazi yake baina ya Lamu na nyanda za Athi. Picha ya mama mdogo si yake, sahihi ni ya mtu mwingine, lakini njia hiyo ya Lamu na Athi ina wapitaji.

Kilichonisikitisha ni fremu. Nyuma wameweka kadibodi ya boksi, na kioo kimegusana na karatasi. Madoa ya kahawia yameanza kuingia kwenye makuti. Picha kama hii hutaka karatasi isiyo na asidi nyuma yake, na ukingo wa kadi uitenge na kioo. Na asije fundi akakata ukingo wenye namba ili iingie kwenye fremu!

Kijana mdogo aliuliza kama wanaweza kuichapa kwenye fulana. Hapana. Umerithi karatasi, hukurithi haki ya kunakili. Kwa sheria ya Kenya haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kufa msanii.

Nimewaambia wasiuze kwa elfu tatu. Waiandike katika orodha ya mirathi, wakadiriaji wawili wa Nairobi waitazame, ndipo ipigiwe hesabu. Mama mdogo ana thumuni yake, na amesema ataichukua picha katika fungu hilo. Kijana mkubwa bado amenuna.