Nyatiti: Ala ya nyuzi inayopigwa pia kwa mguu

KATIKA mtaa wa Obunga, mjini Kisumu, hata mifupa ya mbuta inayosalia viwandani baada ya minofu kukatwa haitupwi. Hukaangwa na kuuzwa kwa jina la 'mgongo wazi'.

Busara iyo hiyo ya kutumia kilichopo imo katika muziki wa Waluo wa kando ya Ziwa Victoria. Vizibo vya chupa hutungwa pamoja na kutikiswa, huku ongeng'o, pete kubwa ya chuma, ikigongwa kwa kipande cha chuma.

Hata hivyo, ala inayodhihirisha busara hiyo zaidi ni nyatiti. Nyuzi zake nane zilikuwa kano za ng'ombe; siku hizi aghalabu huwa nailoni ya kuvulia samaki. Mwili wake ni bakuli la mti lililowambwa ngozi.

Ingawa huhesabiwa miongoni mwa ala za nyuzi, nusu ya kazi yake ni ya ngoma. Mpigaji huketi kigodani, na kidole gumba cha mguu wake wa kulia huvikwa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo hugonga mti wa ala. Mguuni hufungwa gara, yaani njuga.

Hivyo basi, vidole hutoa lahani, mguu hutoa mdundo, na kinywa huimba na kusimulia. Yote ni kazi ya mtu mmoja.

Matangani na arusini, kazi hiyo huwa pia mchezo wa kuigiza. Mhudhuriaji humkatiza mwimbaji kwa pakruok, desturi ya kujisifu au kumsifu rafiki kwa malipo. Mwimbaji hana budi kubuni maneno papo hapo, kisha arejelee wimbo.

Mtindo huo wa vidole ulirithiwa na magitaa ya benga, mathalani ya D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006. Naye Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliifikisha nyatiti ughaibuni kwa albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo.

Lakini gitaa lilirithi vidole tu. Kazi ya mguu iliachiwa ngoma na, baadaye, vinanda vya umeme. Anayejifunza nyuzi pasi na oduong'o amejifunza nusu ya nyatiti.