Njia za Narung'ombe: Dola na Haki ya Kupita Kusini-Mashariki mwa Tanzania

Njia ya matembezi ya umma ni njia ambayo mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, anaruhusiwa kuipita kwa miguu, kwa baiskeli au juu ya farasi ili aburudike, ajifunze au anyooshe viungo, huku chombo fulani cha dola kikiwa na wajibu wa kuitunza, kuiwekea alama na kupanga nani apite na kwa masharti gani. Nchini Tanzania dhana hiyo humpeleka msomaji moja kwa moja Mlima Kilimanjaro, ambako njia za Marangu, Machame, Umbwe na Rongai zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na ni nadra mtu kuihusisha na nyika za Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi. Hata hivyo, ni katika nyika hizo, na hasa katika kijiji cha Narung'ombe wilayani Ruangwa, ambapo historia ya dola kushika njia za watu inaonekana wazi kuliko mlimani, kwa kuwa huko njia zilizitangulia serikali zote, na kila serikali ilizikuta, ikazitumia kwa haja yake, kisha ikazitelekeza.

Kabla ya ukoloni, nchi iliyo kati ya Kilwa, Lindi na Ziwa Nyasa ilikatwa na njia za misafara zilizobeba pembe za ndovu, nguo, chumvi na, kwa uchungu mkubwa, watu waliokuwa wakipelekwa kuuzwa pwani. Ukongwe wa safari hizo unathibitishwa na Mreno Gaspar Bocarro, ambaye mwaka 1616 alisafiri kutoka Tete, kando ya mto Zambezi, hadi Kilwa, naye hakulazimika kufyeka njia, kwani alizikuta zikipitika na watu wake wakizijua. Njia ya namna hiyo ilikuwa na upana wa mtu mmoja tu, na wapagazi walifuatana kama siafu. Mti ulipoanguka hakuna aliyesimama kuukata. Waliuzunguka, na hata baada ya gogo kuoza na kuliwa na mchwa, kona iliyozaliwa siku ile iliendelea kufuatwa na wajukuu wao. Zaidi ya yote, njia ilifuata maji, maana Umwera, nchi ya Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, ni mahali ambapo vijito vingi hukauka kiangazi, na msafara uliokosea kisima haukufika. Utunzaji wake haukuwa na ofisi wala daftari. Jumbe aliyemiliki maji na chakula cha njiani alipokea hongo, neno ambalo wakati huo halikubeba maana ya rushwa bali lilikuwa ushuru wa kupita, naye kwa upande wake alihakikisha kwamba visima viko wazi na wageni wanapita salama. Askofu Edward Steere, anayejulikana zaidi kwa kazi yake ya sarufi ya Kiswahili, alizipita njia hizo kwa miguu kutoka Lindi hadi nchi ya Wayao mwaka 1875, na mwaka uliofuata akaliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hadi Masasi, ambako walianzisha makazi yao.

Utawala wa Wajerumani ndio ulioigeuza njia kuwa amri. Neno barabara lilipata uzito mpya, kwani sasa lilimaanisha njia pana iliyonyooshwa kutoka boma moja hadi jingine, iliyofyekwa na wanavijiji waliotolewa kwa zamu bila kuulizwa, na iliyotumika kukusanyia kodi na kupitishia askari. Kazi hiyo ya kulazimishwa, pamoja na ile ya mashamba ya pamba, ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905 na kufika Liwale na Umwera katika muda wa wiki chache. Kasi hiyo yenyewe ni ushahidi, kwa kuwa habari na maji ya dawa yaliyovipa vita hivyo jina havikupita kwenye barabara za boma zilizolindwa, bali katika vijia ambavyo serikali haikuvijua au haikuvithamini. Mwanazuoni wa Leipzig, Karl Weule, aliyefika Lindi mwaka 1906 na kutembea hadi Masasi na Newala, aliikuta nchi ikiwa bado na majeraha ya vita hivyo.

Tarehe 19 Julai 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Narung'ombe iliingia katika vitabu vya vita. Jeshi la Waingereza lililotoka Kilwa, likiwa na askari wa King's African Rifles, wa Gold Coast Regiment kutoka nchi ambayo leo ni Ghana, pamoja na Wahindi na Waafrika Kusini, lilikuta askari wa Wajerumani chini ya Kapteni Eberhard von Liebermann wamejichimbia kwenye miinuko ya pande zote mbili za njia. Ilikuwa kiangazi, na kilichopiganiwa siku nzima, ukiondoa mikakati iliyochorwa kwenye ramani, kilikuwa maji: aliyeshika visima vya Narung'ombe ndiye angeweza kukaa, na asiyevishika angerudi alikotoka. Usiku Wajerumani waliondoka kuelekea kusini, na washindi walikuwa wamechoka na kupungua kiasi cha kushindwa kuwafuata. Jina la Narung'ombe likaandikwa katika orodha ya heshima za vita za King's African Rifles na za Gold Coast Regiment, yaani majina ya mapigano ambayo kikosi huruhusiwa kuyatarizi kwenye bendera yake, na kwa njia hiyo kijiji cha Umwera kikabebwa hadi Accra. Wapagazi waliobeba risasi, mchele na majeruhi katika njia hiyohiyo hawakupata bendera. Maelfu kwa maelfu yao walikufa katika kampeni nzima kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, na kumbukumbu yao inayotajwa zaidi Afrika Mashariki ni jina la mtaa, Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao.

Hapa ndipo suala la farasi linapoingia, na ni lazima lielezwe kwa kirefu, kwa kuwa linafafanua ni kwa nini njia za farasi, ambazo Ulaya na Marekani ni sehemu ya kawaida ya matembezi ya umma, hazikuota mizizi kusini-mashariki mwa Tanzania. Jenerali Jacob van Deventer, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki wakati Narung'ombe ilipopiganiwa, alikuwa mpanda farasi. Mwezi Aprili 1916 alikiongoza kikosi cha farasi kutoka upande wa Moshi hadi Kondoa Irangi, na njia ile ikajaa mizoga. Adui hakuwa risasi. Alikuwa mbung'o, yule nzi wa kahawia anayekunja mbawa zake mgongoni kama makali ya mkasi uliofungwa, ambaye humwambukiza binadamu malale na kuwaambukiza wanyama wa kufugwa nagana. Daktari David Bruce alikwishaonyesha huko Zululand mwaka 1895 kwamba nagana husababishwa na vijidudu vya damu vinavyobebwa na nzi huyo, lakini ujuzi huo haukuzuia makumi ya maelfu ya farasi na nyumbu kuletwa vitani na kufa. Farasi aliyeambukizwa hula vizuri na bado hukonda, manyoya yake husimama, tumbo na miguu huvimba, na mwisho hulala asiinuke. Kikosi kidogo cha wapanda farasi wa Kihindi kilipelekwa hata upande wa Kilwa mwaka 1917, lakini Narung'ombe ilishikwa na watu wa miguu, na mizigo ilifika kichwani.

Baada ya vita, mbung'o huyo aligeuka kuwa hoja ya serikali. Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya Waingereza, alifanya utafiti mkubwa wa mbung'o huko Shinyanga, na sera iliyotokana na elimu ya wakati ule iliwakusanya watu katika makazi makubwa ili kuwatenga na pori lenye nzi. Katika Liwale, jirani na Nachingwea, uhamishaji huo uliendelea hadi miaka ya 1940, na ardhi waliyoachishwa watu ikaingia katika Pori la Akiba la Selous. Ni haki kusema kwamba malale yalikuwa ugonjwa wa kweli na kwamba wako waliookolewa. Ni haki pia kusema kwamba, pamoja na nyumba na makaburi, zilifungwa njia ambazo Wangindo, wenyeji wa Liwale, walikuwa wamezipita kwa vizazi, na kwamba leo, baada ya sehemu kubwa ya Selous kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, mtu hupita humo kwa miguu kwa kibali, kwa ada na kwa kuongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Mwaka 1949 unastahili kutazamwa kwa makini. Mwezi Desemba mwaka huo Bunge la Uingereza, chini ya serikali ya Clement Attlee, lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya watu kufika mashambani, ambayo iliziagiza halmashauri za majimbo ya England na Wales zichore ramani rasmi ya kila njia ya miguu na kila njia ya farasi iliyokwisha kupitwa na umma kwa muda mrefu. Njia ikishaingia katika ramani hiyo, mwenye shamba hawezi kuifunga, hata kama inakatiza katikati ya ngano yake, na ikiwa ni njia ya farasi, mpanda farasi ana haki ya kupita pamoja na mwenda kwa miguu. Msingi wake ni kwamba nyayo za watu ni hati. Dola haikuumba haki, iliiandika tu. Na serikali hiyohiyo, katika mwaka huohuo, ilikuwa Nachingwea ikiendesha Mradi wa Karanga, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula ya Waingereza. Matingatinga yalikokota minyororo mizito kati yao na kung'oa miti, na vijia vya Wamwera vilivyokuwamo havikuchorwa kwenye ramani ya mtu yeyote kabla ya kufukiwa. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa, na kilichobaki ni tuta. Tofauti ya haki kati ya mkulima wa Derbyshire kule England na mkulima wa Nachingwea, chini ya mawaziri walewale, ni jambo ambalo historia ya njia za umma haina budi kulitaja kwa sauti.

Uhuru haukuliondoa tatizo hilo mara moja. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizisogeza kaya kando ya barabara za magari ili zifikiwe na shule, zahanati na maji, na faida zake zipo hadi leo, lakini njia zilizounganisha mahame, yaani makazi yaliyoachwa, zilimezwa na vichaka. Kwa upande mwingine, usimamizi wa njia za matembezi ulikua katika maeneo yaliyotengwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za magari ndani yake, na mgeni huitembelea kwa miguu tu, hadi maporomoko ya Sanje. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, husimamia hifadhi za misitu ya mazingira asilia, ukiwamo msitu wa Rondo mkoani Lindi, makazi ya komba mdogo anayebeba jina la Rondo. Kuhusu farasi, mfano wa karibu uko ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyika nchini Malawi, ambako safari za farasi zilifanyika kwa miaka mingi katika ardhi ya dola, kwa sababu uwanda ule uko juu kiasi ambacho mbung'o hafiki. Anayependekeza njia za farasi Ruangwa aanze na nzi huyo, kisha ndipo atafute tandiko.

Kinachowezekana Ruangwa na Nachingwea ni njia ya miguu, na sheria ya kuilinda haihitaji kutungwa upya. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaitambua haki ya jamii ya kupita katika ardhi, na vijiji vina mamlaka ya kuandaa mipango ya matumizi ya ardhi yao, ambamo njia inaweza kuchorwa sawa na kisima au malisho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina upungufu mmoja kwa mahali kama Narung'ombe, kwani tarehe za mwisho ilizoweka kwa majengo na mabaki ya kale yanayolindwa bila tangazo ni za karne ya 19, na uwanja wa vita wa mwaka 1917 huhitaji tamko la waziri. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia wa UNESCO, na uamuzi huo ulikubali kwamba njia yenyewe, pamoja na majengo yaliyo kandokando yake, ni urithi. Njia za Kilwa na Lindi zilibeba mateso yaleyale, na zaidi ya hayo zilibeba Maji Maji na wapagazi wa vita.

Mashamba ya korosho na ufuta yanazidi kupanuka katika wilaya hizi, na wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole mahali njia ya zamani ilipozunguka gogo wanapungua kila mwaka. Halmashauri za Ruangwa na Nachingwea ziwapeleke maofisa ardhi wao porini pamoja na wazee hao, kijiji kwa kijiji, wakianzia kwenye visima vya Narung'ombe, wachore kila njia inayokumbukwa na kuiingiza katika mpango wa kijiji kabla ya msimu mwingine wa kufyeka.