Takasimu ya Kariakoo

Mtu apitaye leo Mtaa wa Msimbazi, akapishana na vijana waliojitwika marobota ya vitenge na vipaza sauti vinavyonadi bei ya sufuria, hana sababu ya kudhani kwamba mitaa hii, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliopiga kambi hapa zama za Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na masikio yaliyozoea fidla, udi na kanuni. Naam, ndivyo ilivyokuwa, na kabla ya uhuru vyama viwili vya taarabu, Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club, viligawana mapenzi ya wenyeji wa mjini kama Simba na Yanga walivyoyagawana viwanjani.

Jina hilo la Misri halikuokotwa njiani. Yasimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyempeleka kijana mmoja Misri akajifunze kupiga kanuni, na mwaka 1905 ikaundwa huko Unguja Nadi Ikhwani Safaa, chama kilicho hai hata leo. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye santuri zake zilizotiwa sauti Bombay mwaka 1928 ziliufunua ukweli kuwa Kiswahili chaweza kubeba nyimbo hizi bila ya kuazima ulimi wa Mwarabu. Lakini ilipofika miaka ya thelathini, Misri yenyewe ilikuwa imegeuka. Takhti ya kale, yenye watu wanne watano, kila mtu na ala yake, ilikuwa ikikunjuka kuwa firka, fidla zikikaa safu safu, selo na besi zikiunguruma nyuma, na filamu za Muhammad Abdel Wahab na Umm Kulthum zikiuchukua mtindo huo mpya kila palipokuwa na senema. Basi aliyeketi barazani Kariakoo akiiga muziki ule hakuwa akihifadhi mambo ya kale, kama wengi wadhanivyo. Alikuwa akiufuata usasa wa siku zake.

Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuonja namna nyingine ya muziki wa kundi, nao ni beni, ngoma ya tarumbeta na vyeo iliyoiga bendi za askari, na ushindani wa Marini na Arinoti ulijulikana pwani nzima. Ila beni ilichezwa kwa gwaride, na taarabu ilisikilizwa kwa kuketi.

Katika kuketi huko ndimo ilimokuwamo shule. Chama kilikuwa ndicho chuo, mwalimu akiwa ni fundi aliyetangulia na kitabu kikiwa ni sikio, maana muziki haukusomwa karatasini. Kijana aliketi pembeni akapewa rika, yaani tari ndogo, au ngoma ya dumbaki, akajifunza kutopotea katika mwendo, akahamia fidla ya safu ya nyuma; na siku aliyoachiwa takasimu, ile nafasi ya mtu mmoja kutangatanga peke yake ndani ya makamu, yaani mpangilio wa sauti wa Kiarabu, wenzake wakiwa wamenyamaza, ndiyo siku aliyohesabiwa kuwa mpigaji. Udi na fidla hazina vituo shingoni, kwa hiyo kosa la kidole husikika hadi uani. Kodiani, iliyopokewa kwa furaha kwa sababu ya sauti yake kubwa, ina vibonye visivyobadilika, haiwezi kuigusa robo ya sauti ya Kiarabu, na penye kodiani fidla hulazimika kuifuata. Mimi naona hapo tulipoteza kitu, ingawa waliocheza harusini hawakulalamika.

Tangu Julai 1951, ilipoanza Sauti ya Dar es Salaam, redio iliwafikishia muziki huu hata wasioalikwa. Baada ya uhuru, bendi za dansi kama NUTA Jazz zilipata ufadhili wa jumuiya za taifa, nayo taarabu ikabaki mikononi mwa wanachama na wenye harusi. Na katika miaka ya tisini makundi ya East African Melody na TOT yakaleta kinanda cha umeme, ambacho mtu mmoja akikibonyeza hutoa sauti za fidla kumi. Nani atawalisha kumi?

Unguja, mwaka 2002, katika jengo kongwe la forodha, kilifunguliwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, ambako kanuni na udi hufundishwa kwa noti, na mwanafunzi hutoka na cheti. Wala si noti tu iliyo ngeni: katika vyama vikubwa vya zamani mwanamke alisimama mbele akaimba, na ala zikawa za wanaume. Chuoni humu wasichana wameshika udi na fidla, na ndimo alimotoka Rahma Ameir, mpiga fidla wa kundi la Siti and the Band, ambaye mwenzake Gora Mohamed Gora akinyamazisha kanuni yake, huachiwa takasimu.