Jamhuri ikizomea, inamzomea nani?

Mwaka 1975 kombe la ligi ya soka Tanzania lilitoka Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Tangu ligi ianze mwaka 1965 lilikuwa likizunguka jijini tu: Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, kisha Cosmopolitan, kisha Yanga na Simba wakipokezana. Mwaka huo Mseto ya Morogoro ikalibeba na kulileta chini ya milima ya Uluguru. Kijana wa wakati huo wa Kilakala, hapa Morogoro mjini, hakuwa na haja ya kuulizwa timu yake ni ipi.

Mjukuu wake leo atakujibu kwa rangi. Nyekundu, au njano na kijani. Na siku Simba au Yanga inapokuja kucheza Uwanja wa Jamhuri, huu wetu wa Morogoro, si ule wa Dodoma, huyo mjukuu atashuka mjini, atalipa kiingilio, atakaa jukwaani, na timu ya mkoa wake ikigusa mpira ataizomea. Nimelishuhudia jambo hili na linaniuma. Mabishano ya kama shabiki ana haki ya kuizomea timu yake yanavuma kila timu inapofungwa, lakini hapa kwetu yana sura yake, kwa sababu inabidi kwanza tukubaliane timu yetu ni ipi.

Baada ya Mseto mji huu haukulala. Kulikuwa na Tumbaku, na kulikuwa na Reli, iliyowasumbua wakubwa wa Dar es Salaam hadi ikaitwa Kiboko ya Vigogo. Hizi zilikuwa timu za kazini. Enzi hizo wachezaji wengi wa timu za mashirika walikuwa waajiriwa kama waajiriwa wengine. Aliyekosa bao Jumamosi alikutana na waliomzomea Jumatatu asubuhi, getini, wote wakiwahi kazi. Kuzomea kulikuwepo, tena kukali. Lakini aliyezomea alimjua mchezaji kwa jina la baba yake na mtaa anaokaa. Angeweza kumwambia umetuangusha; asingeweza kumwambia wewe si mwenzetu.

Mashirika yalipoyumba na kubinafsishwa miaka ya 1990, timu zake nazo zikayumba. Heshima ya mkoa ikabebwa na Mtibwa Sugar kutoka mashamba ya miwa ya Turiani. Mwaka 1999 ikawa bingwa, mwaka 2000 ikarudia. Pima ukubwa wa jambo hilo kwa yaliyofuata: tangu hapo mabingwa wamekuwa Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 uliokwenda kwa Azam. Mwaka 2018 Mtibwa ikachukua Kombe la Shirikisho la Azam kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Hiyo ndiyo timu inayozomewa na watu wa mkoa wake.

Kejeli yenyewe haikuanzia mpirani. Kabla ya klabu kushika miji, kulikuwa na ngoma za mashindano. Beni ilitoka pwani ikasambaa bara, ikawagawa watu Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na nyimbo za kumsuta mwenzake. Yanga iliyoanzishwa 1935 na Simba ya 1936 zilikuta watu wamekwisha kuzoea kugawanyika hivyo, na hadi leo tunaziita watani wa jadi. Katika ngoma kama katika utani, maneno makali yalikwenda upande wa pili. Mpirani tumeyageuza tukayaelekeza nyumbani.

Ingia kibanda umiza chochote Kilakala siku Taifa Stars inapocheza. Mabenchi ya mbao yamebanana, bati juu linawaka, televisheni moja imewekwa juu watu wote waione. Beki akitoa pasi mbovu dakika ya kumi, kabla mpira haujavuka mstari kishaitwa garasa na klabu yake imetajwa. Wa Simba wanasema ndiyo hao wa Yanga, wa Yanga wanawarudishia. Zimebaki dakika themanini, na chumba kizima kimeshasahau nani anacheza na nani. Sitashangaa kijana akiwa mzuri klabuni na mwoga timu ya taifa.

Hata Ikulu iliwahi kuchoka. Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa rais, aliifananisha soka yetu na kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anajaribia hapo. Watu wameirudia kauli hiyo kizazi baada ya kizazi. Mimi naiona tofauti na kelele za jukwaani: ilikuwa lawama ya mtu mwenye uchungu, na iligusa mfumo mzima uliotufikisha pale, haikumwandama mchezaji mmoja.

Mchezaji mmoja akiandamwa hutokea yaliyomkuta Juma Kaseja. Kipa huyu alidakia Moro United kabla ya kwenda Simba. Mwaka 2003 alisimama langoni Cairo, Simba ikaing'oa Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti. Nchi nzima ilimwimba. Miaka kumi baadaye, Desemba 2013, akiwa Yanga, timu ikafungwa 3-1 na Simba katika mechi ya Nani Mtani Jembe, na lawama zikamwangukia yeye, pamoja na tuhuma ambazo kila kipa wa klabu hizi mbili anazijua. Wengi walihesabu kwamba amekwisha. Agosti 2019, mtu mzima sasa, akaitwa tena Taifa Stars, akapangua penalti Nairobi na Kenya ikatolewa. Vinywa vilevile vikamshangilia. Hispania nako waliyafanya hayo: Iker Casillas alizomewa na mashabiki wa Real Madrid uwanjani kwao, akaondoka mwaka 2015 kwenda Porto. Makipa huonja zaidi, kwa sababu kosa lao linaonekana na kila mtu.

Sisemi shabiki anyamaze. Aliyelipa kiingilio na kusimama juani ana haki ya kukasirika, na viongozi wengi wa soka hawasikii lugha nyingine. Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1 na Yanga, na baada ya siku mbili kocha Robertinho akawa ameondoka. Lakini ghadhabu isubiri filimbi ya mwisho, na iwafikie wanaosajili, wanaopanga na wanaoshika fedha. Kumzomea kijana wa miaka ishirini mpira ukiwa mguuni mwake ni kumsaidia mpinzani.

Wapo watakaosema Mtibwa ni ya Turiani na ya kiwanda cha sukari, haituhusu sisi wa mjini. Mseto ilikuwa ya mjini. Reli na Tumbaku zilikuwa za mjini. Zote tulizitazama zikififia huku tukihama kwenda kushangilia Simba na Yanga za Kariakoo.

Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024, ikapanda tena mwaka uliofuata. Ombi langu kwa wana Morogoro, wa Kilakala, Bigwa na kwingineko, ni dogo. Mtibwa ikicheza na timu isiyo na jina, siku ya kazi saa kumi jioni, nendeni. Lipeni kiingilio, kaeni dakika tisini. Ikicheza ovyo, zomeeni baada ya filimbi, na viongozi wake watawasikia.