Uso na Mandhari ya Nyuma: Historia ya Ugunduzi wa Nyuso katika Mazungumzo ya Video na Maana Yake kwa Mahakama na Kaya za Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kutangazwa nchini tarehe 16 Machi, Mahakama ya Tanzania ilipanua matumizi ya video ili mahabusu wasikilizwe pasipo kusafirishwa. Jijini Dar es Salaam, washtakiwa wa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu walianza kuonekana kwenye skrini wakiwa bado magerezani. Kutoka Kisutu hadi Gereza la Keko, wilayani Temeke, ni kilomita chache tu. Hata hivyo, kwa wengi nafasi ya karandinga ilichukuliwa na kamera. Mwaka uliofuata zilitungwa kanuni za kuongoza mashauri yanayoendeshwa kwa mbali na kurekodiwa kwa njia ya kielektroniki, na kilichoanza kama hatua ya dharura kikawa utaratibu wa kawaida.

Mabadiliko hayo aghalabu huelezwa kuwa ni historia ya kasi na gharama: mashauri yanaahirishwa mara chache zaidi, na fedha za mafuta zinaokolewa. Insha hii inayatazama kwa upande wa uso wa binadamu. Kifungu cha 212 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kilimtaka hakimu, baada ya kuandika ushahidi, aandike pia maoni yake kuhusu jinsi shahidi alivyoonekana alipokuwa akihojiwa, pale anapoona kuwa maoni hayo ni muhimu. Mahakama za rufani nazo zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba aliyemwona shahidi kwa macho yake ndiye aliye katika nafasi bora ya kupima mwenendo wake. Msimamo huo unachukulia kwamba uso wa anayesema umemfikia hakimu. Katika shauri linaloendeshwa kwa video, dhana hiyo inahitaji kuthibitishwa.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba ugunduzi wa nyuso katika mazungumzo ya video ulizaliwa ukiwa njia ya kugawa kitu kilicho haba. Pale njia ya mawasiliano isipotosha kupitisha picha nzima kwa ubora, mashine huamua ni sehemu gani ipewe ubora, na uso ukapewa nafasi ya kwanza. Lakini uso usiogunduliwa huhesabiwa pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Hivyo, makosa ya ugunduzi huwaumiza zaidi watu ambao njia yao ya mawasiliano ni nyembamba.

Ni muhimu kutenganisha istilahi mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Kugundua uso ni kubaini kwamba mahali fulani katika picha pana uso. Kumtambua mwenye uso ni kubaini kwamba uso huo ni wa fulani. Insha hii inahusu jambo la kwanza.

2.0 Uhaba wa Njia na Chimbuko la Ugawaji

Simu ya picha ilikuwa ndoto ya makampuni ya simu kabla haijawa hitaji la watu. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha kifaa chake, Picturephone, katika Maonesho ya Dunia ya New York mwaka 1964, na ikaanza kukiuza kama huduma mjini Pittsburgh mwaka 1970. Huduma hiyo haikudumu. Bei ilikuwa kubwa, na picha ilihitaji njia pana kuliko ile ya sauti.

Ukubwa wa tatizo hilo unaonekana katika hesabu ndogo. Kiwango cha kimataifa cha H.261, kilichoidhinishwa mwaka 1990, kilitumia picha yenye pikseli 352 kwa 288. Kila pikseli ikichukua wastani wa biti 12, na picha zikiwa 30 kwa sekunde, zinahitajika takriban biti milioni 36.5 kila sekunde. Njia moja ya simu ya kidijiti ilipitisha biti 64,000. Picha ilipaswa kubanwa zaidi ya mara 500 ili ipite humo.

Kubana picha ni kupoteza sehemu yake kwa utaratibu. Picha hukatwa katika vipande vya mraba. Kila kipande hukadiriwa, na kadiri makadirio yanavyokuwa ya jumla, ndivyo biti zinavyopungua na ndivyo kipande kinavyopoteza undani. Matokeo yake yanafahamika kwa kila aliyewahi kupiga simu ya video wakati mtandao ukiwa hafifu: sura hugeuka kuwa viraka, midomo hucheza bila umbo, na macho huwa vivuli viwili.

Katika miaka ya 1990 watafiti walijiuliza kama hasara hiyo ingeweza kuhamishiwa mahali isipoumiza. Mwaka 1995, Alexandros Eleftheriadis na Arnaud Jacquin walichapisha utaratibu wa kutafuta kichwa cha msemaji kwa umbo la duaradufu, kisha kuzipa biti zaidi sehemu za macho, pua na mdomo. Mwaka 1999, Douglas Chai na King Ngan walipendekeza kwamba eneo la uso litenganishwe na mandhari ya nyuma kwa kutumia rangi ya ngozi, uso ubanwe kidogo na mandhari ibanwe sana. Kuanzia hapo wazo lilikuwa limekamilika. Picha ina sehemu mbili zisizo na haki sawa, na mashine ndiyo inayochora mpaka baina yake.

3.0 Rangi ya Ngozi kama Kipimo

Chai na Ngan hawakuwapuuza watu weusi. Kinyume chake, walidai kuwa tofauti baina ya ngozi za watu zimo zaidi katika mwangaza kuliko katika rangi yenyewe. Hivyo, mwangaza ukiwekwa kando, ngozi zote huangukia takriban mahali pamoja. Walitaja mipaka ya namba: kipimo cha ubuluu kati ya 77 na 127, na kipimo cha wekundu kati ya 133 na 173. Kilichoangukia ndani ya mipaka hiyo kilichukuliwa kuwa ngozi.

Dai hilo lina ukweli, lakini linategemea sharti ambalo namba hizo hazilionyeshi. Kwa kanuni ya kawaida ya kubadili rangi, pikseli yenye nyekundu 200, kijani 130 na buluu 110 hupata kipimo cha wekundu cha takriban 165 na cha ubuluu cha takriban 106. Iko ndani ya mipaka. Thamani zote tatu zikigawanywa kwa kumi, uwiano wa rangi haubadiliki, lakini kipimo cha wekundu hushuka hadi takriban 132, na pikseli hiyo huwa nje ya mipaka. Sababu ni kwamba vipimo hivyo viwili husogea kuelekea katikati, yaani 128, kadiri pikseli inavyokuwa na giza. Kwa hiyo mwangaza uliodhaniwa kuwekwa kando hurudi kwa mlango wa nyuma. Ngozi inayorudisha mwanga kidogo, ndani ya chumba chenye mwanga kidogo, ndiyo inayofikia mpaka huo mapema.

Hali hii ilikuwa na mtangulizi katika historia ya picha. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizomwonyesha mwanamke mzungu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameonyesha kwamba malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti, walioona bidhaa zao za rangi ya kahawia hazitofautishwi, yalichangia filamu kuboreshwa. Katika mifano yote miwili hakuna ushahidi wa nia mbaya. Kilichopo ni kipimo kilichosawazishwa mahali fulani, kwa watu fulani, kisha kikasafirishwa kama kipimo cha wote.

4.0 Mwanga na Kivuli: 2001 hadi 2018

Mwaka 2001, Paul Viola na Michael Jones waliwasilisha njia isiyotegemea rangi. Mashine yao ilijifunza kutoka kwa maelfu ya picha za nyuso zilizopunguzwa hadi pikseli 24 kwa 24, ikachagua alama rahisi za mwanga na kivuli: eneo la macho huwa na giza kuliko mashavu, na mgongo wa pua hung'aa kuliko macho yaliyo pande zake. Alama hizo zilipangwa kwa hatua. Sehemu ya picha iliyoshindwa hatua ya kwanza ilitupwa mara moja bila kuchunguzwa tena. Kwa kompyuta ya wakati huo, njia hiyo ilichunguza picha 15 kwa sekunde, na baadaye ikaenea katika kamera, simu na kompyuta.

Wepesi wake ndio uliobeba udhaifu wake. Tofauti ya mwanga baina ya jicho na shavu ikiwa ndogo, uso hutupwa katika hatua za mwanzo. Mwezi Desemba 2009, video iliyosambaa nchini Marekani ilionyesha kamera ya kompyuta ya HP ikimfuata mwanamke mzungu kila aliposogea, lakini ikibaki tuli mbele ya mwenzake mweusi. Kampuni ilieleza kuwa programu yake ilipima tofauti ya mwanga baina ya macho na sehemu ya juu ya shavu na pua, na kwamba ingeweza kushindwa pale mwanga usipotosha.

Kwa historia ya Tanzania, mwaka huo una uzito wa pekee. Mwezi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa na kuiunganisha Dar es Salaam na dunia, na mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti na nje yalitegemea zaidi satelaiti, kwa gharama kubwa. Ndani ya mwaka mmoja, basi, njia ya kupitishia simu za video ilifika pwani, na dosari ya mashine za kugundua nyuso ikajulikana hadharani.

Mwaka 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichunguza programu za kibiashara kwa picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, zikiwemo Rwanda, Senegali na Afrika Kusini. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, kosa lilifikia asilimia 34.7, kwa wanaume wenye ngozi nyeupe halikuzidi asilimia 0.8. Utafiti huo ulihusu kubaini jinsia, si kugundua uso, na haifai kuhamisha takwimu zake moja kwa moja. Mchango wake kwa hoja hii ni wa mbinu: wastani mzuri wa jumla unaweza kuficha kundi linalokosewa mara nyingi.

5.0 Kaya na Mahakama

Tangu WhatsApp ilipoanzisha simu za video mwishoni mwa mwaka 2016, mazungumzo ya aina hiyo yamekuwa sehemu ya maisha ya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala. Mama huongea na binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani Muscat. Kwa mama huyo, kuuona uso ni zaidi ya salamu. Ndipo anapopima kama mwanawe amekonda, kama amelia, au kama anaposema "sijambo" kweli hajambo. Mazungumzo hayo hupita katika bando lililonunuliwa kwa siku, aghalabu usiku, chini ya taa moja.

Yapo maendeleo ya kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Google walichapisha BlazeFace, mashine ya kugundua nyuso iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za mkononi, na mbinu zinazojifunza kutokana na picha nyingi za watu mbalimbali zimepunguza utegemezi wa kanuni moja ya rangi au kivuli. Mwaka 2020 kampuni ya NVIDIA ilitangaza njia ya kupeleka alama kuu za uso tu, kisha sura kuchorwa upya upande wa mpokeaji. Njia hiyo huokoa biti nyingi, lakini huzua swali jipya. Katika mbinu za zamani, uso ulioharibika ulionekana umeharibika. Katika mbinu hii, mtazamaji anaweza kupokea uso safi ambao sehemu yake imekisiwa na mashine.

Kwa kaya, ukisio huo unaweza kuvumilika. Kwa mahakama, hali ni tofauti. Hakimu anayeandika kwamba shahidi alisita au alikwepa kutazama anahitaji kujua kama alichokiona kilitoka kwa shahidi au kwa mfumo wa kubana picha. Viraka vya picha vinaweza kufanana na uso usio na hisia, na kuchelewa kwa mtandao kunaweza kufanana na kusita kwa mtu anayetunga jibu. Hakimu aliyeketi Kisutu hana namna ya kuona kilichopotea njiani, na mshtakiwa aliyeketi gerezani hana namna ya kujua alivyoonekana.

6.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba kila mbinu ya kugundua nyuso ilijibu uhaba wa wakati wake, na kila moja ilibeba dhana kuhusu mwanga, ngozi na vyumba vya watu waliokuwapo ilipotengenezwa. Mbinu hizo zilihitajika zaidi pale kipimo data kilipokuwa kidogo, lakini nyuso za maeneo hayo hazikuwa msingi wa kuzipima.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, vifaa vya video vinavyonunuliwa kwa ajili ya mahakama vipimwe kwa nyuso za Watanzania, katika vyumba halisi vya magereza na kwa kasi halisi ya mtandao wake, kabla havijakubaliwa. Pili, kumbukumbu ya shauri linaloendeshwa kwa mbali ieleze hali ya picha, kama vile mwanga, kukatika na ubora, ili mahakama ya rufani inapoambiwa kwamba hakimu alimwona shahidi, iweze pia kujua alimwona kwa kiasi gani. Hatua ya pili haihitaji teknolojia mpya. Inahitaji hakimu aandike sentensi chache zaidi katika jalada.