Uzito wa Jambo na Mwenye Mizani

Kabla ya kuandika ripoti ya uendelevu, kampuni ya teknolojia hufanya tathmini ya uzito: huorodhesha masuala, huwauliza wadau, kisha huchagua yatakayopewa kipaumbele. Swali la kiraia ni hili: nani ameshika mizani?

Kipimo cha awali kilikuwa cha mwenye mtaji. Mwaka 1976, katika kesi ya TSC Industries dhidi ya Northway, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jambo lina uzito iwapo yamkini kubwa mwanahisa mwenye busara angeliona kuwa muhimu anapopiga kura.

Vita vya Kongo vilikitikisa kipimo hicho. Mwaka 2001, jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi uporaji wa koltani na madini mengine ulivyochochea vita. Koltani hutoa tantali, metali itumikayo katika kapasita ndogo za simu na kompyuta. Kilichokuwa chembe katika hesabu za kampuni kilikuwa uhai na mauti huko Kivu. Julai 2010, Sheria ya Dodd-Frank, kifungu cha 1502, iliagiza kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya Marekani zieleze iwapo bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao hutoka Kongo au nchi jirani, zikiwemo Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Januari 2014, Intel ilitangaza vichakataji visivyo na madini ya vita.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Baadhi ya wanunuzi nao wakalikwepa eneo zima. Wachimbaji wadogo, wasio na hatia ya vita, wakapoteza riziki.

Mwaka 2022, Umoja wa Ulaya uliagiza uzito upimwe pande mbili: yanayoigusa fedha ya kampuni, na yale ambayo kampuni huwatendea watu na mazingira. Mwaka 2025 ukaahirisha utekelezaji kwa kampuni nyingi.

Kwa hiyo, raia asomapo ripoti ya kampuni iliyotengeneza simu yake asitazame tu yaliyoorodheshwa. Aulize pia kama mchimbaji alikuwa miongoni mwa walioulizwa, maana mizani isiyomfikia aliye shimoni haijapima kitu.